Mkwe Aliyechuchumaa

Treni ya Lubumbashi tuliingojea Jumanne. Ikafika Alhamisi mchana, ikipiga honi kama bwana arusi aliyechelewa na bado anataka vigelegele. Na sisi watu wa Kamina, kwa kuwa ni wepesi wa kusahau, tukaipigia.

Gare, kituo chetu cha treni, ilifurika. Wachukuzi walisukuma baiskeli zilizobeba makaa mpaka mwenye baiskeli hakuonekana. Vijana wa pikipiki waliita abiria ambao hata hawajashuka. Wake wa askari wa base, kambi ya jeshi, walikuwa wamekalia ndoo zao za maharagwe, wakibishana kwa Lingala na kucheka kwa Kiswahili. Katikati ya vumbi lote hilo alisimama Tshiala, fundi wa kushona mwenye ateliye nyuma ya soko, akingojea furushi lake la vitambaa. Alivaa blauzi nyeupe ya lasi aliyoishona mwenyewe, mabega yamevimba kama mikate ya asubuhi, na kikwembe cha buluu kilichokazwa pale hasa panapostahili kukazwa. Mwanamke akiwa fundi, mwili wake ndio kibao cha duka.

Nyuma yake akaja mwanaume mrefu, mwembamba, na gunia la samaki waliokaushwa kwa moshi begani, anakimbilia behewa. Gunia likamgonga Tshiala, likasugua lasi kuanzia bega mpaka kiuno, likaacha alama ya moshi na mafuta.

"Weye! Hauna macho?"

"Macho iko," akasema yule mwanaume, akitua gunia. "Njo ile imeniponza. Ilikuangalia weye, ikasahau njia."

"Usinichezee. Angalia blauzi yangu! Inanuka sawa musalani ya kwenu, popote unatoka."

"Natoka Kinkondja. Kule kwetu hakuna musalani, mama. Tuko na ziwa."

"Usiniite mama, minyi sikukuzaa."

"Basi nipe blauzi nikaifue."

"Nikuvulie blauzi hapa gare? Nitabakia na nini?"

"Sijasema leo. Nipe namba ya simu, tutapanga siku."

Mke mmoja wa askari akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Tshiala alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia, na mwanamke akishachekea puani mbele ya mwanaume, kesi imekwisha. Akatoa namba. Jina la yule mwanaume lilikuwa Nday.

Wakaanza zile simu.

"Alo, mutu wa samaki?"

"Alo, mutu wa lasi. Umekula?"

"Nimekula bukari na sombe. Weye?"

"Minyi nimekula sauti yako. Sasa nasikia njaa zaidi."

"Kwenda huko! Hiyo maneno unasemaka kwa wanawake wangapi?"

"Kwako tu, sheri. Kwa wengine nasema bei ya samaki."

Nday akawa anapita ateliye kila alipotoka ziwani na mzigo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, suruali pana, shati safi lililopigwa pasi, miguu mirefu imefika mpaka chini ya cherehani. Alijua kusikiliza. Alileta samaki mkubwa amefungwa kwenye majani, akasema ni mdogo. Alimwita Tshiala "mwenye sindano", na Tshiala alimwita "kambale", kwa sababu alikuwa mrefu na mtelezi.

Lakini kulikuwa na ile simu yake.

Ililia. Katikati ya maneno matamu, ililia. Nday aliitazama, akaizima bila kusema alo, akasimama, akatoka. Akarudi baada ya muda na mikono yenye maji na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Na kabla jua halijasogea sana, ililia tena.

"Ni nani huyo?" Tshiala aliuliza siku moja, pini ziko mdomoni.

"Haina muntu. Ni kazi."

"Kazi gani inakuita na haiseme kintu?"

"Kazi ya haraka."

"Nday, kama uko na bibi Kinkondja, sema sasa, wakati nashika mukasi. Usingoje nishike moyo."

"Sina bibi. Naapa mbele ya Mungu."

"Wanaume wote banaapaka mbele ya Mungu. Juu Mungu hapigaka kofi pale pale."

Tshiala alikuwa na sababu ya kuogopa. Aliwahi kuolewa, mbali, kule Mbuji-Mayi, kwa ndugu wa Kasai walio wenzao. Mtoto hakuja. Hakuna aliyempeleka mume kwa munganga. Mume ni mume, hapimwi. Walimpima Tshiala kwa macho, kwa dawa za majani, kwa maombi ya kufunga, halafu wakamrudisha kwa wazazi wake Kamina na sanduku lake moja, kama mtu anavyorudisha suruali dukani kwa sababu tumbo lake limenenepa. Yule bwana akaoa mwingine, naye hakuzaa, akaoa wa tatu. Mpaka leo ni wanawake watatu wenye kosa na mwanaume mmoja mzima. Hesabu hiyo mimi hawakunifundisha pale shule ya msingi.

Siku Tshiala alipomsimulia Nday mambo hayo, Nday alisikiliza akimtazama usoni.

"Bantu banakosa haya," alisema mwishowe. "Tshiala, minyi pia niko na neno ya kukuambia."

Simu ikalia. Akaizima, akatoka. Aliporudi, neno lilikuwa limeshamezwa. Badala yake akasema:

"Nataka kuja kwenu. Nitaleta mjomba wangu Numbi. Nataka wanijue."

"Na hiyo simu?"

"Tukishamaliza kwa wazazi, nitakuambia yote."

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Mwanaume anayesema "nitakuambia baadaye" ni sawa na mpishi anayesema chumvi ataiweka mkishamaliza kula.

Jumapili baada ya ibada, Nday na mzee Numbi wakaingia katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, la Papa Badibanga, baba yake Tshiala, mtaa wa watu wa reli. Papa Badibanga alikuwa karani wa reli tangu ujana. Mwaka ule wa tisini na mbili alifukuzwa Katanga kwa jina lake tu, jina la Kasai, akalala gare na familia yote chini ya turubai, na mambo yalipotulia akarudi, kwa sababu, alisema, cheo chake kilikuwa Kamina na moyo wake pia. Leo alivaa koti la kahawia na tai. Mama Bilonda, mkewe, alifunga vikwembe viwili vipya na kilemba kirefu. Tangu asubuhi alikunywa chai kikombe juu ya kikombe kwa wasiwasi. Tshiala alivaa gauni la kijani lililomfuata mwili kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Jirani yao Émerence hakualikwa na mtu, ila alialikwa na pua yake. Akajikalia karibu na jiko, eti kusaidia.

Sasa lazima niwaeleze musalani ya lupango lile, maana kesi yote iko humo. Ilikuwa imejengwa kwa matofali mpaka kifuani mwa mtu, bila mlango, na njia ya kuingilia imepinda. Mtaa wote ule walijenga hivyo, na desturi yake kila mtu aliijua. Ukiona kichwa juu ya ukuta, mwanaume yuko ndani, amesimama. Ukiona kikwembe kimetupwa juu ya ukuta, mwanamke yuko ndani, ameinama. Haja nzito ikimshika mwanaume, anatundika koti lake hapo. Hakuna kichwa, hakuna kitambaa: hakuna mtu, ingia. Hata watoto wanajua.

Mzee Numbi alikuwa amesimama, anazungumza vizuri, kwa heshima, akianza mbali, kwa salamu ya Kiluba, kama inavyofaa:

"Tatu Badibanga, mamu Bilonda, moyo wenu. Sisi ni bantu ya ziwa. Tumeona ku lupango yenu kuna ua limechanua..."

Simu ikalia.

Nday akaizima. Akajikaza kidogo. Jasho likamtoka. Akasimama, akainamisha kichwa kuomba samahani, akatoka nyuma ya nyumba. Na kwa haraka yake hakutundika kitu chochote.

Chai ya Mama Bilonda nayo ilikuwa imefika mwisho wa uvumilivu. Akatoka kwa mlango wa jikoni. Akatazama ukuta: hakuna kichwa. Hakuna kitambaa. Akaingia.

Kelele aliyopiga ilisikika mpaka karakana ya reli.

Nyinyi mnaojua bukwe mnanielewa. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anapitia majanini. Sasa huyu mama, katika siku ya kwanza kabisa, amemkuta mkwe wake mtarajiwa amechuchumaa, suruali chini, amejishika tumbo kwa mikono miwili. Mama Bilonda akakimbilia chumbani, akajifunika shuka kichwani, asiitike mtu.

Aibu ya namna hiyo ina dawa. Unaleta kuku, unaleta kikwembe, mnacheka, imekwisha. Mzee Numbi tayari alikuwa ameshafungua mdomo kuahidi kuku. Lakini Émerence, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukuta wa musalani na masikio yake yote, akasema:

"Haikuwa haja nzito. Nimesikia maji."

"Nini?" akauliza Papa Badibanga.

"Alikuwa anakojoa, Papa. Ya maji. Na alikuwa amechuchumaa sawa minyi."

Nday akarudi kutoka nyuma ya nyumba.

"Kijana," alisema Papa Badibanga polepole, "uko mugonjwa? Ao uko... namna gani?"

Nday alisimama pale uani, shati limetoka nje ya suruali. Mdomo ulifunguka. Tshiala alimtazama. Ilikuwa saa yake ya kusema, na macho yote yalikuwa juu ya mkanda wake. Mdomo ukajifunga. Mzee Numbi akamshika mkono, wakatoka.

"Basi," akasema Papa Badibanga, akivua tai. "Hiyo maneno imeisha. Binti yangu hataolewa na mwanamuke mwenzake."

Jua halijazama, habari ilikuwa sokoni. Pale kwa wauza vitunguu, Nday alikuwa mgonjwa. Kwa wauza unga, alikuwa amekatwa. Ilipofika base, alikuwa mwanamke kutoka Kinkondja aliyevaa suruali ili auze samaki ghali. Watu hawa hawa, mtu akifa kwa njaa mlangoni mwao hawajui jina lake. Lakini jinsi mtu anavyokojoa, hilo wanalijua, na wanalijadili kwa mikono yote miwili.

Tshiala alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Alivunja sindano mbili, akashona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Hakulia. Asubuhi yake akafunga kitambaa kichwani, akachukua pikipiki mpaka ng'ambo ya reli, kwenye lupango la mzee Numbi.

Akamkuta Nday anafunga magunia.

"Unakwenda wapi?"

"Kinkondja."

"Unarudi siku gani?"

"Sirudi. Tshiala, rudia kwenu. Bantu bakikuona huku, bataseka na weye pia."

"Baseke! Baliniseka nikirudishwa na sanduku, sikufa. Minyi sikuja kukubembeleza. Nimekuja kusikia. Simu njo nani?"

Nday akaitoa mfukoni, akaiwasha, akamwonyesha. Ilikuwa saa ya kuamsha. Ile inayowaamsha watoto wa shule. Ilikuwa imepangwa mchana wote na usiku wote.

"Sina bibi," alisema. "Niko na kibofu."

"Bantu yote iko na kibofu."

"Yangu haisemi. Ya kwako ikijaa inakuambia. Yangu inanyamaza, mpaka ipasuke ao imwagike. Njo simu inasema pa nafasi yake. Na ikisema, lazima nikae chini, nisukume na tumbo, nifinye na mikono. Nikisimama, haitoke yote."

"Juu ya nini?"

Akampa Tshiala kiti, yeye akakaa juu ya gunia. Na akasema, hatimaye, kile alichopaswa kukisema tangu siku ya blauzi.

Alipokuwa mvulana, kule ziwani, alikojoa mkojo mwekundu. Wavulana wote walikojoa mwekundu. Walisimama kwenye mtumbwi wakishindana nani mwekundu zaidi, na wazee wakacheka, wakasema: hawa sasa wanakuwa wanaume. Walishangilia! Mdudu wa kichocho anakula matumbo ya watoto, na watu wazima wanapiga makofi. Dawa yake ni vidonge. Vidonge tu! Siku hiyo hiyo mtu anameza na kurudi kucheza. Hakuna aliyevileta, hakuna aliyekwenda kuviuliza, na mimi nikikumbuka jambo hilo natamani kupiga mtu, sijui tu nianze na nani.

Miaka ikapita, mdudu akaacha kidonda, kidonda kikaacha kansa. Damu ikarudi, safari hii na maumivu. Nday akauza mtumbwi wa baba yake, akapanda treni, akaenda mji wa mbali. Wakamkata, wakatoa kibofu chote, wakautobolea mkojo njia kwenye tumbo, nje, hapa upande wa kuume, wakabandika mfuko wa plastiki. Wakasema: umepona, nenda.

"Ile mifuko ilikuwa inaisha," alisema. "Huku haipatikane. Nilifunga sashe za plastiki, zile za sukari, na kamba. Ikavuja. Ku kanisa, bantu bakahama benchi. Diakono akaniambia nikae inje, nisikilize ku dirisha."

"Diakono gani?" Tshiala akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Acha."

"Siachi. Endelea."

"Siku moja nimerudi kule hospitali kwa kuangaliwa. Mama moja, alikuwa analinda bwana yake mugonjwa, akaniambia: juu ya nini weye uko na mfuko mpaka leo? Bwana yangu bamemutengenezea kibofu ingine, na utumbo yake mwenyewe. Nikaenda kwa munganga. Nikamuuliza: ni kweli inawezekana? Akasema: kwa muntu sawa weye, kansa haijarudi, figo ni nzima, ndiyo. Nikamuuliza: juu ya nini hamukuniambia? Akasema: hukuuliza."

Tshiala akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Hukuuliza? Ungeuliza nini? Muntu ataulizaje kintu hajue kama iko? Minyi mteja akiniletea kitambaa, namuambia: mama, hii inaweza kuwa gauni, inaweza kuwa sketi, chagua. Simushoneye gunia, nikasema hukuuliza gauni! Mwaka muzima na sashe za sukari, juu hukuuliza!"

"Miaka mbili," alisema Nday.

"Usiniambie! Nitaenda kuchoma muntu."

Kuku wa mzee Numbi walikimbilia nyuma ya nyumba. Nday, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alikaribia kucheka.

"Sasa huyo aliyekushona," Tshiala akasema, bado anapumua kwa nguvu, "alifanya namna gani? Utumbo iko sawa bomba. Kibofu iko sawa mfuko."

"Alisema alikata kipande, akakipasua urefu, kikawa bapa. Akakikunja, akashona, kikawa mviringo. Halafu akaunga figo ku juu, na njia ya mukojo ku chini, ile niliyozaliwa nayo. Wakafunga lile tundu la tumbo."

Tshiala akakunja vidole vyake hewani, akijaribu mshono ule bila uzi. "Upasue bapa... ukunje... eeh. Ndiyo. Inawezekana. Angeacha bomba, ingesukuma yenyewe, ingevuja. Onyesha."

"Nini?"

"Mushono. Minyi ni fundi. Onyesha."

"Tshiala, ni mchana."

"Njo nataka kuona."

Akapandisha shati. Kovu lilishuka kutoka juu ya kitovu mpaka chini lilikopotelea, na pembeni, upande wa kuume, kovu la mviringo, pale palipokuwa na tundu. Tshiala akainama, akalifuata kwa kidole, taratibu, bila kulichukia. Nday alifumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa hapo isipokuwa wenye glavu.

"Ya ndani sijue," akasema Tshiala. "Lakini ya inje, alichoka, ao alikuwa na njaa. Pindo limekwenda upande."

Nday akacheka, halafu kile kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa shati lake mwenyewe.

"Sijamaliza," alisema kutoka ndani ya shati. "Watoto, Tshiala. Balitoa na kiwanda ya watoto. Sitazaa. Munganga alisema wazi, hiyo moja aliniambia bila kuulizwa."

Tshiala akaacha kidole juu ya kovu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alikuwa bado, wiki zingine, anapita mbele ya nguo za watoto sokoni na kuzishika. Akaachia kovu. Akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwake.

"Na mambo ya bwana na bibi?" aliuliza akiwa huko huko.

"Iko dawa. Siku zingine, ndiyo. Siku zingine, hapana."

"Sawa umeme ya Kamina."

"Bora kidogo kuliko umeme ya Kamina."

"Kila kintu iko bora kuliko umeme ya Kamina, usijisifu." Akageuka. Macho yake yalikuwa na maji na mdomo ulikuwa na hasira. "Nday, sikiliza. Kansa sikukasirikie. Kibofu sikukasirikie. Juu ya watoto nitalia, lakini ni kilio changu, nitakilia vile nataka. Nimekasirika juu ulinichagulia. Uliona siwezi kubeba, ukaninyima hata kuinua nione uzito. Sawa ule munganga wako. Hukuuliza! Minyi niliuliza, Nday. Niliuliza na pini mu mudomo!"

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Sasa utaogopa zaidi. Jumapili utakuja kwetu, utasimama mbele ya papa, utasema na mudomo yako. Minyi sitakutembezea tumbo lako mtaani."

"Na kama nikishindwa?"

"Treni iko. Ikifika."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nday hakupiga simu, na Tshiala hakupiga. Jumapili, Papa Badibanga alikuwa amekaa uani na gazeti la zamani alipomwona mzee Numbi anaingia, kuku chini ya kwapa na kikwembe kipya mkononi, na nyuma yake Nday.

"Kuku nitapokea," alisema Papa Badibanga bila kusimama. "Mama wa humu alipatishwa haya. Kwa maneno ingine, mlango ni ule."

"Papa," Tshiala akatokea, "muache aseme."

"Weye nyamaza! Nakutafutia amani. Nani atakuzalia? Nani atakuzika?"

"Siku bale ba Mbuji-Mayi balinirudisha, Papa, ulisema nini? Ulilia hapa, mu kiti hii. Ulisema: binti yangu si kalabashi, bamuangalie ndani kama iko na tundu. Ulisema ni bantu bila Mungu. Leo weye unafanya nini? Unamuangalia mutoto wa bengine ndani!"

Papa Badibanga akakunja gazeti. Juu ya ukuta wa jirani, kilemba cha Émerence kilichomoza.

Nday akasogea mbele. Hakuangalia chini.

"Papa Badibanga. Nilikuwa na kansa mu kibofu. Imetoka ku maji ya ziwa, ku wadudu tulichezea nao tukiwa batoto. Balitoa kibofu, bakanishonea ingine na utumbo yangu. Haisikie, haina nguvu ya kusukuma. Njo nakaa chini. Sitasimama tena mpaka nife. Na sitazaa. Tshiala anajua yote, alijua wiki ilipita, na ilifaa ajue zamani. Hiyo ni kosa yangu, si kosa ya kibofu. Mama Émerence, umesikia muzuri? Ao nirudilie?"

Kilemba kikashuka polepole nyuma ya ukuta.

Papa Badibanga aligeuza gazeti, akaligeuza tena. Akasema, sauti ya chini, si kwa ukali tena bali kwa ukaidi wa mzee aliyezoea kitu kimoja:

"Lakini mwanaume... mwanaume anasimamaka."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Mama Bilonda hakuweza kutoka. Bukwe ni bukwe, na kuku alikuwa bado hajachinjwa. Lakini hakuna desturi inayoziba mdomo wa mwanamke aliye ndani ya nyumba yake.

"Badibanga!"

"Eeh, mama?"

"Ile wakati balitufukuza, tulilala gare na batoto, chini ya turubai. Mvua ilipiga. Nani alifunika batoto?"

"Minyi."

"Ulikuwa umesimama?"

Papa Badibanga akaweka gazeti magotini.

"Ulikuwa umelala chini, juu yabo, sawa kuku ya kike," ilisema ile sauti. "Njo siku nilijua nimeolewa na mwanaume. Mu musalani sikukufuataka. Kumbe nilipaswa kwenda kukupima ukuta?"

Mzee Numbi akakohoa kwenye kiganja. Kuku akapiga kelele chini ya kwapa lake. Na Papa Badibanga, karani wa reli, mtu wa tai na koti, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, mpaka alipolazimika kujifuta macho kwa gazeti. Alipomaliza, alisukuma kwa mguu kile kiti kilichokuwa kitupu, kikaelekea upande wa Nday.

Nday hakukikalia. Alimgeukia Tshiala, mbele ya baba yake, mbele ya mjomba Numbi, bila mshenga, jambo ambalo halifanywi.

"Mwenye sindano. Utanikubali?"

Tshiala alikuwa amefunga mikono kifuani. Gauni la leo lilikuwa jekundu.

"Nday, minyi niko na hasira na weye."

"Najua."

"Haujue. Ni hasira mingi. Juu ya uongo, juu ya ile simu, juu ya kuzima namba siku nilikutafuta. Haitaisha leo. Haitaisha mwaka huu. Siwezi kuibeba peke yangu ku ateliye, itanivunjia sindano yote."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukae nayo mu nyumba moja," alisema Tshiala, "mpaka ichoke."